Kifuniko cha Sufuria na Dishi la Bure

Siku Mzee Anyelwisye alipouza ndama ili anunue dishi la bure, ng'ombe aliyemzaa yule ndama alimtazama kwa jicho la mtu anayesubiri maelezo. Kisondela yote ililizungumza jambo hilo. Watu walitaka kujua kitu cha bure kinanunuliwaje, tena kwa ndama dume mwenye afya, na mzee akawaeleza kwa subira ya mwalimu wa ubatizo: unalipa mara moja, halafu maisha yako yote hulipi tena. Ni kama kuoa, alisema. Jirani yake Meshaki, mwenye wake wawili, alikohoa akatazama pembeni.

Sababu yenyewe hakumwambia mtu. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na aliyebaki naye pale nyumbani ni mwanawe wa pekee, Ackson, dereva wa bodaboda, aliyejenga nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja na kuishi humo na mkewe Elina. Elina alikuwa na mimba ya kwanza, imeshatangulia mbele yake kama mkungu ulioiva. Kila mwezi kifurushi cha king'amuzi kilipokatika, Ackson alinung'unika kwamba kinakatika haraka kuliko tairi za pikipiki. Mzee akasikiliza, akaunganisha. Vijana wanakimbilia mjini kwa sababu kijijini pamewachosha; kinachowachosha hawa ni kulipia televisheni; ondoa malipo, watabaki, na mjukuu atazaliwa hapa hapa penye migomba. Katika maisha yake alikuwa ameunganisha mambo mengi kwa namna hiyo, na mengine yalikuwa yameshika.

Angeweza kumuuliza Elina anataka nini, yakaisha. Lakini mkwe na mkamwana katika uwanja ule hawakuwa wakikutana. Si kwamba waligombana. Ni heshima, ile ya zamani, ambayo vijana wengi wameiacha na mchungaji alishasema haimzuii mtu kuingia mbinguni wala haimsaidii. Ila mzee alilelewa nayo, na Elina, binti wa kijiji cha Kyimo, alifundwa na bibi yake akafundika. Mzee akitaka kupita kona ya nyumba alikohoa kwanza, na Elina akisikia kikohozi alijificha nyuma ya migomba. Hawakukaa chumba kimoja, hawakula pamoja, hawakusemezana uso kwa uso. Likitokea la lazima, mmoja alimwambia ng'ombe kwa sauti, na mwenzake akasikia akiwa upande wa pili wa banda. Ng'ombe yule alijua mambo ya familia ile kuliko mchungaji.

Televisheni nayo ilibidi ifuate heshima. King'amuzi kilikuwa kimoja, sebuleni kwa mzee, na waya ulivutwa kupita juu ya migomba hadi kwenye televisheni ndogo ya vijana. Alichotazama mzee ndicho alichotazama Elina, apende asipende. Rimoti ilikuwa ya mzee. Elina alikuwa na kifuniko cha sufuria. Kila jioni saa ya tamthilia ilipofika, alikipiga kwa mwiko mara moja, ngaa, na mzee akahamisha chaneli. Akichelewa, zinapigwa mbili.

Mtindo huo ulianza mwaka ule mzee alipopatwa na homa, akalala kwenye kochi akitetemeka huku televisheni ikifundisha kilimo cha vitunguu tangu jioni mpaka Ackson aliporudi akamkuta hajitambui. Mzee alielewa kwamba mkamwana alivichoka vitunguu siku ile, akaapa visijirudie. Basi akawa anatii, na kwa Meshaki akawa analalamika kwamba anateswa na tamthilia za Kituruki kwa ajili ya mtoto wa watu. Hakutaja kwamba jioni yule mama tajiri wa kwenye tamthilia alipofungwa kwa kosa la mdogo wake, yeye alishindwa kumaliza sahani ya ndizi.

Dishi lililetwa na fundi Sadick wa Bagamoyo, si ile ya pwani bali hii ya hapa mjini Tukuyu, ambayo babu zake waliotoka pwani waliikuta na kuizoea pamoja na baridi yake. Lilikuwa na futi sita. Alilifunga nyuma ya pikipiki, na inasemekana upepo wa bondeni ulipolikamata, pikipiki ilipanda kilima cha mwisho injini ikiwa imezimwa. Sadick hakukanusha habari hiyo. Ilimsaidia kibiashara.

Alipolisimamisha uani, kivuli chake kilifunika nusu ya nyumba, na kuku waliingia bandani wakidhani jioni imefika. Sadick akazunguka nalo, akachungulia mawinguni, akatangaza kwamba migomba mitatu imeziba njia ya mawimbi. Ikakatwa. Hakuna aliyefikiri kwamba ndiyo migomba ambayo Elina alikuwa akijificha nyuma yake.

"Mzee wangu," Sadick alisema akifuta mikono, "hapa umemaliza. Waarabu, Wahindi, Wachina, wote wanakuja sebuleni kwako bila kukuomba nauli."

Mzee aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama na zile tamthilia zitakuja. Sadick akasema tamthilia zimejaa, tatizo ni kwamba kila moja inaongea lugha ya kwao. Na mpira? Mpira upo, ila mwingine wanauchezea kwa magongo. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana ndama alikuwa ameshauzwa. Dishi dogo la zamani lilifunguliwa ukutani likaegeshwa kwenye banda la ng'ombe, king'amuzi cha kulipia kikawekwa juu ya kabati, na waya wa kwa vijana ukachomekwa kwenye kile kipya. Keshoye jua lilipotoka kidogo, lile dishi dogo lilionekana mbele ya nyumba ya vijana limelala chali, limeanikwa maharage.

Jioni ya kwanza mzee alinawa, akaketi, akaiweka rimoti mpya gotini. Kwenye kioo alikuwepo mwanamume mwenye ndevu akiuza mazulia. Saa ya tamthilia ikafika. Mzee akategesha sikio kuelekea ng'ambo ya uwanja.

Kimya.

Akafikiri labda hajasikia vizuri. Akapunguza sauti ya muuza mazulia. Kimya kilikuwa kile kile, imeongezeka tu mvua. Akahamisha chaneli: ngamia wanakimbizana, bila jasho la maana. Akahamisha tena: mama wa Kihindi analia. Hapo akasubiri, kwa kuwa kilio kilikuwa kizuri, ungemwelewa hata bila maneno. Kifuniko hakikulia. Akahamisha hadi kwenye kwaya, hadi kwenye mapishi ya samaki aliye hai bado, hadi kwa wazee waliovaa suti wakigombana kwa adabu. Dunia nzima ilipita sebuleni kwake bila nauli, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutikisa kifuniko cha sufuria ng'ambo ya uwanja.

Ikawa hivyo jioni zilizofuata. Mzee alibonyeza mpaka kidole gumba kikaota sugu, akitafuta ile chaneli moja ambayo mkamwana angeitaka. Mchana alimwona Elina kwa mbali akizunguka njia ndefu ya kisimani, na tumbo lake lile, kwa sababu migomba ya karibu haikuwepo tena. Akajiambia: amekasirika. Nimemnyang'anya tamthilia, nimemnyang'anya na maficho.

Meshaki naye aliacha kuja. Zamani kila mechi alifika na kiti chake mwenyewe, akatoa ushauri kwa kocha, akanywa chai, akaondoka. Sasa alipita barabarani akasimama kwenye uzio na kuuliza kama ngamia wamefungana ngapi. Wapita njia walicheka. Mzee akacheka pia, kwa mdomo tu.

Jumapili baada ya ibada Meshaki alimvuta pembeni, safari hii bila utani. Alisema amemwona Ackson mjini, pale Bagamoyo, akioneshwa chumba. Chumba kizuri, cha sementi, uani kwa Shamsia yule wakala wa malipo ya ving'amuzi. Tena alikuwa akipima kwa hatua mahali pa kuweka kitanda.

"Kitanda cha nani?" mzee aliuliza.

"Ndugu yangu, mtu hapimi kitanda cha jirani."

Mzee alirudi nyumbani akiwa na viatu vya kanisani ndani ya matope na hakuona. Ackson alipofika kula, hakumuuliza. Aliogopa kwamba akiuliza atajibiwa.

Siku ya soko alipanda bodaboda ya mtu mwingine kwenda mjini. Alikuwa ameamua. Alivaa koti la harusi yake, na mfukoni, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, alibeba rimoti ya king'amuzi cha zamani, kwa kuwa katika mitambo yote ile ndicho kitu pekee alichowahi kukiamuru.

Dukani kwa Shamsia palikuwa na foleni. Shamsia, mwanamke mnene mwenye ushungi wa zambarau na macho ya kuona senti ndani ya ngumi, alimkaribisha vizuri, akamwita baba, akaipokea rimoti, akaigeuza huku na huku.

"Baba, hii haina namba. Namba iko kwenye kadi, kwenye king'amuzi chenyewe. Umekiacha nyumbani?"

Kilikuwa juu ya kabati. Nyuma yake kwenye foleni mtu alinong'ona kwamba mzee amekuja kulipia betri, na kicheko kikapita kwenye foleni. Shamsia akasema haidhuru, atatafuta kwenye mashine yake kwa jina. Kimesajiliwa kwa jina la Ackson?

Hapo ndipo mzee alipokumbuka, akahisi koti linambana. Siku ya kusajili, Ackson alikuwa safarini, na aliyekwenda na kitambulisho alikuwa mkewe. Jina lilikuwa la Elina, na namba ya simu ilikuwa ya Elina. Naye Mzee Anyelwisye hajawahi kulitamka jina hilo tangu lilipoingia kwenye ukoo wake. Mwiko wa jina ulikuwa wa mkamwana zaidi kuliko wa mkwe, lakini yeye aliushika upande wake pia, asije akaonekana amepewa heshima asiyoirudisha.

"Ni la yule," alisema.

"Yule nani?"

"Wa kwa mwanangu."

Foleni ilisogea karibu. Mzee alitazama dari, akatazama ubao wa bei za vifurushi, akatazama viatu vyake. Kijana mmoja alimshauri ataje tu, mbona jina si nyoka. Lakini Shamsia alizaliwa Tukuyu na mama yake alizaliwa Tukuyu, na uani kwake walishapanga wake wa watu waliokuwa wakiruka dirishani baba mkwe akija kusalimia. Akainamisha kichwa kwenye mashine yake.

"Basi baba usiseme kitu. Nitakapofika, wewe kohoa." Akaanza kutaja polepole, kama anayeita mahudhurio. "Prisca. Andongwisye. Rehana. Elina."

Mzee alikohoa kikohozi ambacho ng'ombe wake angekitambua hata angekuwa Mbeya. Foleni ikapiga makofi. Akalipia kifurushi cha wiki moja, akaichukua rimoti yake, na alipogeuka kuondoka akauona, kupitia mlango wa nyuma, uwanja mdogo wa sementi na mlango mpya wa rangi ya bluu. Hakuuliza ni wa nani.

Alifika Kisondela mchana, mvua ikiwa imetulia. Kifurushi kilikuwa kimelipiwa, lakini bila dishi dogo ni kama kuwa na mshipi wa suruali bila suruali. Na dishi dogo lilikuwa mbele ya nyumba ya vijana, limejaa maharage, na Elina ameketi kwenye kigoda pembeni akiyachambua. Ackson hakuwepo.

Mzee alikohoa. Elina akainuka, akatafuta mgomba wa kujificha, akakosa, akazunguka nyuma ya banda la ng'ombe. Mzee akaja upande wa mbele wa banda, akashika nguzo. Ng'ombe akaacha kutafuna, kwa kuwa alijua kazi imeanza.

"Ng'ombe," mzee alisema, "nimekuja kuomba lile sinia la maharage. Nimelipia. Tamthilia inarudi leo."

Upande wa pili ikatoka sauti ya Elina, ya chini, ya heshima.

"Ng'ombe, mwambie mwenye banda ndaga, tunashukuru. Ila kwa nini amejisumbua? Hili la sasa si lina chaneli nyingi?"

"Mwambie nilidhani wanaonewa na malipo. Nilitaka wasilipe tena, wasihame." Akamkuna ng'ombe kati ya pembe. "Kumbe nimeua tamthilia yao na migomba yao. Kifuniko hakilii tena. Na chumba mjini nimesikia kimepatikana."

Sasa kimya kilikuwa kirefu mpaka mzee akadhani ameondoka. Kumbe alikuwa anacheka, kwa kujizuia, kama anayecheka kanisani.

"Ng'ombe, mimi hiyo tamthilia siielewi. Huwa ninasinzia kabla yule mama hajatoka kitandani."

Mzee alisahau kumtazama ng'ombe. Akatazama mbao za banda.

"Sasa kifuniko?"

"Mwaka ule wa homa," Elina alisema, "nilikuwa hapa hapa. Niliona kwenye televisheni yangu vitunguu, vitunguu, vitunguu. Nikajua kuna jambo, na siwezi kuingia mle ndani. Nikasimama uwanjani mvua inaninyea mpaka mwenye pikipiki aliporudi. Basi nikasema, kila jioni nitapiga. Chaneli ikihama, baba yuko macho. Nalala."

Aliposema baba alimwambia ng'ombe, lakini lilipita kwenye mbao vizuri sana.

Akaendelea. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia uzazi wa kwanza usingoje barabara ya Kisondela wakati wa mvua, akae karibu na hospitali. Yeye alikataa kuondoka, miezi yote, akimwambia Ackson hawezi kumwacha mzee peke yake na ile mivitunguu. Kisha likaja dishi kubwa, na jioni ya kwanza chaneli zikaanza kuruka, ngamia, kwaya, samaki, mfululizo mpaka usingizi unamchukua. Hakukuwa na haja ya kupiga tena. Akasema moyoni, baba amepata cha kumchangamsha, sasa tunaweza kwenda.

Mzee aliketi kwenye ndoo ya maziwa bila kuangalia kama ina maziwa. Alikuwa ameuza ndama ili awazuie, na ndama amewafungulia mlango.

"Mtarudi?" aliuliza, na alisahau kumtaja ng'ombe.

"Ng'ombe, mwambie vyombo vyote vinabaki. Tunabeba godoro na sufuria moja."

Mzee akafikiri. Akasafisha koo, safari hii si kwa ajili ya kona.

"Ng'ombe, na wewe nikwambie jambo usilipeleke kwa Meshaki. Tamthilia ni mimi. Ninataka kujua kama yule mama ametoka gerezani."

Elina alicheka sasa bila kujizuia, na ng'ombe akaona shughuli imekwisha, akarudi kwenye majani yake. Jioni ile dishi dogo lilikuwa limesimama kwenye pipa mbele ya nyumba ya mzee, wazi, bila maharage, limefutwa.

Waliondoka na godoro na sufuria moja. Meshaki alirudi na kiti chake wakati wa mechi, na mzee akamtoza majani ya ng'ombe kama kiingilio. Dishi kubwa lilibaki uani; ikinyesha lilijaa maji, na bata wakalichukua.

Ackson alimshauri baba yake alipie kifurushi cha mwezi mzima mara moja, aepuke nauli. Mzee alikataa. Alilipia cha wiki, kila siku ya soko, na watu wakasema sasa mzee amekuwa bahili hadi hesabu imemgeukia. Aliwaacha waseme.

Wiki moja alifika dukani na hakukuwa na foleni. Alimpa Shamsia fedha, na Shamsia hakuuliza jina. Aliinua tu macho, mzee akakohoa, naye akabonyeza. Malipo yakipita, ujumbe huwa unakwenda kwenye simu ya mwenye jina. Mzee alisimama kaunta, rimoti mfukoni, koti lake la harusi limefungwa vifungo vyote, akisubiri kama mtu asiyesubiri kitu.

Nyuma, ng'ambo ya uwanja wa sementi, simu ililia. Kisha, kutoka nyuma ya mlango wa bluu, mwiko ukagonga kifuniko cha sufuria mara moja, ngaa, na mtoto mchanga aliyeamshwa na kelele hiyo akaanza kulia kwa nguvu zake zote.

Mzee alikohoa akajibu. Mtoto akanyamaza, kama anayesikiliza, kisha akaendelea.

"Huyo," mzee alimwambia Shamsia, "hahitaji kifuniko."